Gari dogo linavuma ndani kama ngoma: maswali ninayoulizwa gerejini Tanga

Gereji yangu iko Ngamiani, na magari mengi yanayoingia ni haya madogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka juu: IST, Vitz, Passo, Demio, March, Fit. Mwenye gari linalokula oili hunieleza kwa sentensi moja. Mwenye gari linalovuma ndani hunieleza robo saa nzima, anaiga sauti kwa mdomo, na mwisho ananiambia fundi mwingine kamwambia ni kawaida ya gari hilo. Nimerudia majibu haya mara nyingi mno nikiwa chini ya gari, bora niyaandike.

Mvumo mnaousema ni upi hasa?

Ni sauti nzito ya chini, ambayo unaisikia kifuani na ndani ya sikio kabla hujajua inatoka wapi. Kama msondo unaopigwa nyumba ya tatu. Haigongigongi, hiyo ni bushi au linki, vipira na viungo vya miguu ya gari. Haipigi mluzi, huo ni upepo kwenye raba za mlango. Na ina tabia moja ya kuitambulisha: inakuja ukifika spidi fulani au mzunguko fulani wa injini, inabana kichwa, kisha ukiongeza mafuta kidogo inapotea kana kwamba haikuwapo.

Kwa nini gari langu linavuma na Corolla ya jirani haivumi?

Corolla ina buti lililotengwa na abiria kwa kiti na bati. Gari lako ni chumba kimoja kuanzia dashibodi hadi mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni bati pana lenye kioo, limeshikwa na bawaba mbili juu na kufuli moja chini. Ukitaka kutengeneza ngoma hutafanya tofauti sana.

Kila chumba kina sauti yake. Kwa joto letu la Tanga sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita mbili na nusu hupenda wimbi lenye urefu mara mbili yake, yaani mita 5, na hiyo ni kama hezi 70, yaani mitetemo 70 kwa sekunde. Sasa angalia injini: ya silinda nne huchoma mara mbili kila inapozunguka, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 2,100 kwa dakika inatoa mapigo 70 kwa sekunde. Hapo injini na chumba vimekubaliana, nawe umekaa katikati ya makubaliano.

Ndiyo maana kuna magari mawili ya aina moja, moja linavuma na jingine kimya. Mapigo ya injini yapo kwenye yote mawili. Tofauti ni njia ambayo mapigo yanapita kufika kwenye bati, na njia hiyo kwa kawaida ni mpira uliokufa.

Mke wangu akikaa nyuma analalamika, mimi dereva sisikii kitu. Nani mkweli?

Wote wawili. Wimbi la namna hiyo hubana zaidi kwenye ncha za chumba, na katikati yake kuna sehemu tulivu. Dereva mara nyingi kichwa chake kiko karibu na ile sehemu tulivu. Jaribu hivi: abiria wa mbele ainame kuelekea dashibodi, halafu ajilaze nyuma. Sauti ikipanda na kushuka kwa kusogeza kichwa tu, basi hiyo ni sauti ya chumba, si kifaa kilicho karibu na sikio lako. Kwa hiyo unapokuja gereji, njoo na huyo anayelalamika.

Nianzie wapi kutafuta?

Usianze dukani. Anza kwa kujua mvumo unamfuata nani: injini, magurudumu, au barabara. Ukikosea hapa utabadilisha nusu ya gari na mvumo utabaki umekaa kwenye kiti chake.

Tafuta lami iliyonyooka na isiyo na magari mengi. Mimi hupenda barabara ya Horohoro asubuhi mapema, ukishapita Amboni. Ya Segera ina malori na mabasi, utakuwa unaangalia kioo cha nyuma badala ya kusikiliza. Endesha mpaka mvumo uje, shikilia hapo, halafu ukiwa tambarare weka gia huru na uachie mafuta. Injini itashuka, gari litaendelea kujiviringisha. Mvumo ukikatika papo hapo, mwenye kosa ni injini na vinavyoishika: mauntingi (mipira inayoibeba injini kwenye bodi), ekzosi, njia ya hewa. Ukiendelea vilevile na kushuka polepole pamoja na spidi, nenda kwenye tairi na beringi. Usizime ufunguo gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga na breki itakuwa nzito. Na usifanye jaribio hili kwenye mteremko wa kutoka Lushoto kuja Mombo. Nimeshamwona mtu akijaribu.

Ukirudi nyumbani, gari likiwa limesimama kwenye P, handibreki juu, pandisha mzunguko polepole kutoka 800 hadi 3,000. Polepole kweli, kama unamimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Mvumo ukija pale pale ulipokuja barabarani, umethibitisha injini. Ukija barabarani tu, wakati gari linavuta, injini inajipinda kwa mzigo, na hilo linaelekeza kwenye mauntingi au njia ya hewa.

La barabara ni rahisi zaidi: kama sauti inabadilika ukitoka lami laini na kuingia lami ya kokoto, ni tairi na miguu ya gari.

Passo yangu haina mshale wa mizunguko. Nitajuaje?

Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi na kusoma mizunguko kwenye simu. Mafundi umeme wengi wanacho. Pia kuna programu za simu zinazochora sauti na kuonyesha kilele chake kwa hezi. Mpe abiria ashike simu, dereva asiiguse.

Hesabu yake ni hii. Injini ya silinda nne: gawa mizunguko kwa 30 upate hezi. Ya silinda tatu, kama Passo za lita moja: gawa kwa 40. Kama simu inaonyesha kilele cha hezi 50 na injini yako ya silinda tatu iko kwenye 2,000, umempata, ni mapigo ya injini. Namba zisipokutana kabisa, rudi kwenye magurudumu. Maikrofoni za simu ni dhaifu kwa sauti za chini, kwa hiyo usiangalie ukubwa wa kilele, angalia mahali kiliposimama.

Silinda tatu zina tabia ya kutikisika kwa asili, na gari likisimama kwenye taa utahisi mtetemo kidogo. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapoongezeka ghafla, na hapo kabla ya jingine lolote angalia plagi na koili. Silinda moja ikikosa kuchoma, gari zima linatetemeka, na hakuna mauntingi duniani itakayolizuia.

Nitajuaje mauntingi zimekufa?

Fungua boneti, mtu aliyezoea akae kwenye usukani, breki ya mguu na ya mkono zote zishikwe. Aweke D, aguse mafuta kidogo tu, kisha R, arudie. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini ikijiinua kama mtu anayetaka kuamka kitandani, mpira umekatika. Baadhi ya mauntingi zina mafuta ndani. Ukiona weusi wa mafuta umechuruzika kwenye kikombe chake, imepasuka hata kama mpira wa nje unaonekana mzima.

Sasa hili ndilo linaloudhi watu: amebadilisha mauntingi zote na mvumo umezidi. Sababu ni mbili. Kwanza, mpira mpya wa bei ya kutupa huwa mgumu kama kanda za tairi, unabeba injini vizuri lakini unapitisha kila pigo hadi kwenye bodi. Mauntingi ya mtumba nayo, ikiwa imeshakaa miaka 15 kwenye joto la injini, imekauka. Unanunua uzee wa mwenzako. Pili, fundi amekaza nati huku injini imepinda juu ya jeki. Mpira umefungwa ukiwa tayari umejinyonga, na mpira ulionyongwa haunyumbuki. Dawa yake haigharimu kitu: legeza nati za mauntingi bila kuzitoa, washa injini iungurume dakika moja ikae inavyotaka yenyewe, zima, kaza. Nimepoza magari kwa njia hii ambayo wenyewe walishaandaa tangazo la kuyauza.

Na ekzosi?

Hapa pana mengi, na kwa Tanga pana zaidi. Tunakaa na hewa ya chumvi, hilo kila mtu analijua kwa mageti yake. Kisichojulikana ni kwamba ekzosi huoza kutokea ndani. Injini ikichoma petroli hutoa mvuke wa maji. Gari likienda safari ndefu bomba linapata joto na maji yanatoka yote. Likitoka Chumbageni hadi sokoni na kurudi, bomba halijapata joto, maji yanalala kwenye sailensa. Gari la safari fupi huoza sailensa mapema kuliko gari linalokwenda Dar kila wiki. Ndani ya sailensa kuna vibati vinavyogawa vyumba. Vikidondoka, nje inaonekana nzima, ndani ni debe tupu. Ipige kwa kiganja ikiwa imepoa: ukisikia vitu vinachezacheza, umepata jibu.

Halafu angalia inavyoning'inia. Ekzosi hushikwa na mipira ili mtetemo wake uishie hapo. Mpira ukikatika njiani, fundi wa haraka hufunga kwa waya wa kufungia nondo, na safari inaendelea. Lakini waya ni chuma: ekzosi sasa imeshikana na sakafu ya gari moja kwa moja, na sakafu yako imekuwa spika. Wengi wanaoniletea mvumo wa injini huondoka na mipira miwili mipya yenye bei ya chai na vitumbua.

Kisha fleksi, ile sehemu ya bomba yenye nyuzi za chuma zilizosukwa karibu na injini. Kazi yake ni kuiacha injini icheze bila kuyumbisha bomba zima. Ikitoboka, kuna mafundi wa kuchomelea wanaoikata na kuweka bomba gumu. Kelele ya kuvuja inaisha, mteja anafurahi, na kesho yake mvumo unaanza. Baada ya miezi kadhaa ufa unatokea kwenye manifodi, pale ekzosi inapoanzia kwenye injini. Fleksi ikifa, badilisha fleksi.

Tazama pia kama bomba linagusa mahali: kwenye ngao ya joto, kwenye boriti ya nyuma, kwenye jicho la bampa. Kugusa hakuhitaji kuwa kwa kudumu. Mengine hayagusi mpaka gari libebe watu watano.

Kuhusu sega, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi: kuna wanaolitoa na kuliuza, na wengine huibiwa wakati wa matengenezo bila kujua. Bomba tupu likiwekwa mahali pake, sauti yote iliyokuwa inapunguzwa pale inasonga mbele. Ukiweka na sailensa ya mashindano nyuma yake, usiniulize kwa nini gari linavuma. Uliagiza mvumo, umeletewa.

Nikikanyaga mafuta tu ndipo linanguruma, nikiachia linanyamaza.

Angalia boksi la filta ya hewa. Klipu zimevunjika, kifuniko hakijakaa, au lile dude la plastiki tupu lililounganishwa na bomba la hewa limetolewa na fundi kwa kuonekana halina kazi. Lina kazi: ni chumba cha kumeza mngurumo wa hewa inayovutwa. Lirudishe.

Mlango wa nyuma unaweza kuvuma peke yake?

Gari langu la kwanza, Vitz, ndilo lililonifundisha hili, na somo lilikuwa refu. Lilivuma kuanzia spidi 60 hadi 75. Nikabadilisha mauntingi. Nikabadilisha mipira ya ekzosi. Nikabadilisha tairi mbili, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Siku moja tunatoka Pongwe, mpwa wangu amekaa nyuma na magunia, amechoka, akaegemeza mkono juu ya mlango wa nyuma. Kimya. Akautoa, ngoma ikarudi. Nikamwambia aweke tena. Tulifika Ngamiani mkono wake ukiwa pale pale, maskini, hajui kosa lake ni nini.

Fundi bodi aliyenyoosha ule mlango kabla sijalinunua gari hakurudisha vile vipira viwili vya pembeni ambavyo mlango huegemea ukifungwa. Bila hivyo mlango unashikwa na kufuli peke yake, na bati linacheza kwa pumzi ya injini.

Vipime hivi: paka poda ya mtoto kwenye ncha za vipira na kwenye raba inayozunguka mlango, funga, fungua. Palipogusa pataacha alama upande wa pili. Pasipo na alama hapabanwi. Njia nyingine ni kubana karatasi mlangoni na kuivuta, inatakiwa ikatae. Kwenye magari mengi vipira hivyo huzungushwa kwa mkono kama skrubu: vitoe nje kidogo kidogo, pande zote sawasawa, mpaka mlango uhitaji kubanwa kidogo ili ufunge. Usizidishe, utaumiza kufuli. Kama bado, legeza bolti za jicho la kufuli kwenye bodi na ulisogeze ndani milimita moja au mbili.

Ukiwa hapo hapo, inua sakafu ya buti. Tairi la akiba lisilokazwa, au lisilokuwepo kabisa, huacha beseni la bati likipiga lenyewe. Jeki iliyolegea nayo hutafutwa siku tatu.

Nikipakia machungwa Muheza mvumo unaisha. Nisafiri na machungwa siku zote?

Ungekuwa umesuluhisha mawili kwa moja. Mzigo unakalia bati la buti na kulituliza, kwa hiyo chanzo kiko kwenye bati hilo, tairi la akiba au mlango. Jaribu kwa mfuko wa mchele wa kilo 5: uhamishe kutoka kona hadi kona ya buti, uendeshe kila mara. Ukipata mahali ambapo mfuko unanyamazisha, pale ndipo pa kubandika kitu. Kinyume chake, mvumo ukianza gari likiwa na mzigo, mtazame ekzosi kwanza. Gari limeshuka na bomba limegusa.

Mimi naambiwa ni beringi, mwingine kasema tairi.

Endesha kwenye mvumo wako, kisha yumbisha gari taratibu kushoto na kulia ukiwa peke yako barabarani. Ukikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Sauti ikizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Kinyume chake hivyo hivyo. Ikiwa haijali unakata wapi, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, mbele kisha nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, tairi limeliwa kwa mawimbi, mara nyingi kwa sababu shokapu imechoka au alaimenti imehama. Hamisha tairi za mbele kwenda nyuma: mvumo ukihama nazo, umemaliza ubishi.

Upepo nao. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali. 220 ni karibu 32 za mashine ya kujaza. Vijana wa kujaza upepo hupenda kuweka 40 "kwa ajili ya safari". Tairi lililojaa hivyo hupitisha kila kokoto.

Nikifungua dirisha la nyuma peke yake masikio yanapigwa.

Gari halina ubaya. Ni sawa na kupuliza mdomo wa chupa. Fungua kidogo na dirisha la mbele la upande mwingine.

Tangu mvumo uanze, watoto nyuma wanalalamika kichwa. Ni sauti?

Inaweza kuwa sauti, lakini usikae ukingoje kujua. Nyuma ya gari la namna hii likitembea, hewa hujikunja na kurudi kwenye mlango. Ekzosi ikivuja na raba za mlango zikiwa zimechoka, moshi huvutwa ndani, na humo mna kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Mvumo uliokuja pamoja na kuumwa kichwa, kichefuchefu au usingizi: simamisha gari, watu washuke, anayeumwa apelekwe hospitali, na gari lisibebe mtu mpaka ekzosi ikaguliwe. Na usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu umebeba kitanda.

Nikibandika sponji na mikeka ya kuzuia sauti si itaisha?

Sponji ya sentimita moja haiwezi kulimeza wimbi la mita 5. Inapunguza sauti kali, zile za tairi na upepo, na ukishaziondoa hizo mvumo unasikika peke yake vizuri zaidi. Kinachosaidia bati ni kitu kizito chenye kunata, mikeka ya butili yenye karatasi ya alumini, ikibandikwa katikati ya bati linalocheza: mlango wa nyuma, paa, beseni la tairi. Huhitaji kufunika bati zima. Usikubali lami ya kuezekea. Gari likikaa juani Raskazone mchana mmoja, utanunua manukato mwaka mzima na bado litanuka. Na hata mkeka mzuri ni wa mwisho, baada ya mipira yote kuwa mizima.

Nimefanya yote. Mvumo umebaki kidogo kwenye vibao vya 50 tu.

Hapo gari limepanda gia ya juu na mzunguko umeshuka, injini inavuta mzigo kwa mapigo machache na mazito. Gari la CVT, yaani gia otomatiki isiyo na hatua, ndiyo zaidi, maana hupenda kukaa chini ili kubana mafuta. Zima kitufe cha gia ya juu kilichoko kwenye mkono wa gia, au shusha gia moja kama ni manyuo. Mzunguko utapanda mia tano hivi na utatoka kwenye sauti ya chumba. Ukimaliza kijiji, rudisha.